Maneno ya Trekta na Usalama wa Mkulima: Kutoka Urambo hadi Kashaulili

Anayesimama Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, wakati wa mavuno, hakosi kuona matrekta yakipita na matela yaliyojaa magunia, na juu ya magunia hayo watu. Akitoka kidogo kuelekea vijiji vinavyouzunguka mji, atakuta trekta limesimama mahali pamoja kutwa nzima, injini ikinguruma, na nyuma yake mashine ya kupukuchulia mahindi ikitema punje upande huu na magunzi upande ule. Baina ya trekta na mashine hiyo upo mhimili wa chuma unaozunguka. Akina mama wenye kanga viunoni hupita karibu nao wakikusanya punje. Watoto huja kuokota magunzi. Akiuliza mhimili ule unaitwaje, huenda fundi akamjibu kwamba ni "pitio".

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya trekta na zana zinazokokotwa nalo yalivyoingia katika lugha yetu, na kuonyesha kasoro moja iliyotokana na njia waliyoipitia. Maneno hayo yalikuja pamoja na vyuma, nayo yakavitaja vyuma vizuri. Lakini hatari iliyomo katika vyuma hivyo ilibaki bila jina, au ilipata jina linaloificha. Hilo si jambo la wanalugha peke yao. Mtu hawezi kuonywa juu ya kitu kisicho na jina, wala hawezi kukiogopa kitu ambacho jina lake linamkaribisha.

Tuanze na historia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilitoa kamusi zake kubwa mwaka 1939. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1947, ulianza ule Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza katika Tanganyika. Ulikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, na sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa mitumba ya vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Kabla ya mwisho wa mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya mashine zile ilikuwa imeharibika, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango wote ulivunjwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36.

Habari hizo zinajulikana kwa wanahistoria wa uchumi. Lisilosemwa sana ni kwamba kuvunjika kwa mpango hakukuvunja maneno yake. Vijana wengi waliofika huko walikuwa hawajapata kushika usukani maishani mwao. Waliingizwa katika kazi kwa mafunzo ya muda mfupi, chini ya wasimamizi waliosema Kiingereza, nao wakajifunza jina la kila kitu kwa kulisikia likiitwa kwa sauti juu ya kelele za injini. Mafunzo ya namna hiyo humpa mtu jina la chombo na kazi ya chombo, basi. Kamusi ya mwaka 1939 haikuwa na la kuwasaidia katika mambo hayo, wala hapakuwa na muda wa kuifungua.

Urambo ina uhusiano wa pekee na Mpanda. Ipo kando ya reli ya kati, baina ya Tabora na Kigoma, na stesheni ya Kaliua iliyo jirani nayo ndipo linapoanzia tawi la reli liendalo Mpanda. Tawi hilo lilijengwa katika miaka ile ile, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Kwa hiyo watu wa Mpanda walikuwa na milango miwili ya kupokelea maneno ya mashine: mgodi uliokuwa kwao, na reli iliyowaunganisha na mashamba ya Urambo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, na Urambo ikageukia tumbaku. Fundi aliyeachishwa kazi huondoka na maneno yake hata kama spana ameziacha kwa mwajiri.

Ukiyachunguza maneno yaliyokuja kwa njia ya namna hiyo utaona yamo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la maneno ya Kiingereza yaliyotoholewa: trekta, plau, haro, tela, madigadi, breki, klachi. Fungu la pili ni la majina ya viwanda yaliyogeuka kuwa majina ya vitu, na mfano wake bora ni katapila, ambalo lilikuwa jina la kampuni ya Kimarekani na leo hutumika kwa mashine ya kiwanda chochote. Fungu la tatu ni la maneno yaliyobuniwa na wananchi wenyewe, kama vile tingatinga, ambalo ndani yake husikika mlio wa mashine yenyewe. Yote ni maneno mazuri, na hatuna ugomvi nayo. Lakini tazama: fungu la kwanza linaeleza umbo au kazi kwa macho ya Mwingereza, la pili linamtaja mtengenezaji, la tatu linaiga sauti. Hakuna hata moja linalomwambia mtumiaji aweke wapi mkono wake.

Linganisha na maneno ya plau la ng'ombe. Nira, mnyororo, maksai, kukokota: maneno hayo yanamhusu mnyama, na tabia ya mnyama mkulima anaijua. Maksai akikanyaga pasipo pema husita, akichoka hulala, akiumizwa hupiga teke, na mtoto wa kijijini hufundishwa mapema asimame wapi. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia sehemu za Mpanda na mifugo yao walikuja na maarifa hayo yamekamilika, zana na tahadhari katika kifurushi kimoja. Trekta halisiti. Nalo lilipokuja, lilikuja na majina bila tahadhari.

Baada ya Uhuru trekta lilipewa nafasi kubwa katika matumaini ya taifa. Mwalimu Nyerere, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba mwaka 1962, aliwahimiza wananchi kukaa pamoja vijijini, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba watu waliotawanyika hawawezi kunufaika na matrekta. Vijiji vya makazi vilivyoanzishwa kwa mashine nyingi na gharama kubwa havikufaulu, na mwaka 1966 mpango wake uliachwa. Mwaka uliofuata Mwalimu mwenyewe alisisitiza kwamba kwa wakulima wengi hatua ya kufaa ni kutoka kwenye jembe la mkono kwenda kwenye plau la ng'ombe. Hata hivyo matrekta hayakukoma kuja. Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa tangu miaka ya 1970 hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012, iliyapokea katika vijiji vyake na mashamba yake. Kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilileta mengine mapya kutoka India.

Mwaka 1967 ndio uliotungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kuanzia mwaka 1974 Baraza lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kazi ilikuwa nyingi mno: sheria, elimu, utawala, benki, sayansi ya shule, vyote vilidai istilahi kwa wakati mmoja. Si ajabu kwamba maneno ya shambani, ambayo tayari yalikuwa yakitumika na kueleweka, hayakuonekana kuwa na haraka. Lakini kueleweka ni kwa namna mbili. Liko neno linaloeleweka kiasi cha kumwezesha mtu kununua kipuri dukani, na liko neno linaloeleweka kiasi cha kumwokoa. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni huo wa pitio. Neno hili ni matamshi ya herufi tatu za Kiingereza, P, T na O, zinazosimama badala ya maelezo marefu ya mahali ambapo nguvu ya injini hutolewa nyuma ya trekta ili kuzungusha mashine nyingine. Mpango huo ulianza kuuzwa na viwanda vya Marekani karibu na mwaka 1920, na mwendo wake wa kawaida katika matrekta mengi ni mizunguko 540 kwa dakika. Hesabu ni nyepesi: ni mizunguko 9 kwa kila sekunde. Ikiwa mzingo wa mhimili ni sentimita 20 tu, basi utavuta na kujiviringishia kitambaa cha karibu mita 1.8 kwa sekunde moja. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu. Maana yake ni kwamba pindo la kanga likishanaswa, kanga yote imekwisha kabla mvaaji hajapata nafasi ya kupiga kelele, na aliye ndani ya kanga huifuata kanga.

Sasa lifikirie neno lenyewe katika masikio ya asiyejua zile herufi tatu. Pitio, kwa Kiswahili, linatokana na kupita au kupitia. Mtoto anayesikia "pale kwenye pitio" anaweza, kwa kufuata kanuni halali za lugha yake, kudhani kwamba pameelezwa mahali pa kupita. Bahati mbaya ya sauti imeleta neno linaloalika miguu mahali ambapo mguu usikanyage kamwe. Wako wasemao "propela", nao angalau wametaja kitu kinachozunguka. Tunapendekeza mhimili zungushi: mhimili, kwa kuwa neno hilo limezoeleka, zungushi, kwa kuwa kazi yake ni kuzungusha, na chochote utakachoupa utakizungusha, kiwe mashine, kiwe nguo, kiwe mkono.

Pamoja na mhimili huo, viwanda hutengeneza bomba la plastiki la kuufunika. Mafundi hulitaja kwa kawaida kuwa ni "kava". Neno hilo linajulikana kila nyumba: kuna kava la kiti, kava la daftari, kava la simu. Kava ni pambo, au ni kinga dhidi ya vumbi. Likichakaa hutupwa, na kitu huendelea kutumika. Ndivyo linavyotendewa na bomba hili. Likipasuka huondolewa ili lisisumbue, na mhimili hubaki uchi. Lugha yetu inalo neno la zamani lenye kufaa zaidi, nalo ni ala, yaani mfuko wa kisu au upanga. Tunajua kwamba ala ina maana nyingine pia, kama katika ala za muziki, lakini muktadha hutenganisha maana hizo bila taabu. Anayesikia kwamba mhimili hauna ala ataelewa papo hapo kwamba ndani ya ala hukaa kitu chenye makali, na kwamba mtu mwenye adabu hapiti katikati ya watu akiwa na kisu kitupu.

Hapa liko jambo jingine dogo linalohusu vitenzi. Utingo akiona hatari humwambia dereva "Simama!", na dereva husimamisha trekta. Lakini katika kupukuchua mahindi trekta limesimama tangu asubuhi. Kinachokwenda ni mhimili. Hata shambani, trekta laweza kusimama huku zana iliyo nyuma yake inaendelea kuzunguka, na mtu akaingiza mkono kuondoa majani yaliyokwama akiamini kwamba "limesimama". Amri ya kufundishwa iwe "Zima!", na kanuni ya kazi iwe kwamba hakuna agusaye zana mpaka injini imezimwa, ufunguo umetolewa, na mhimili umetulia.

Mfano wa pili ni wa kupinduka. Neno hilo tunalitumia kwa gari, mtumbwi, na hata serikali. Kwa trekta halitoshi, maana matrekta huanguka kwa namna mbili zenye sababu mbili. Kuna kuanguka kwa ubavu, kwenye mteremko, ukingo wa mfereji, au kona iliyokatwa kwa kasi. Na kuna kuinuka kwa magurudumu ya mbele hadi trekta linamlalia dereva kwa nyuma. Hili la pili hutokea pale mzigo unapofungwa juu ya usawa wa ekseli ya nyuma, kwa mfano mtu anapofunga mnyororo mahali pa juu ili ang'oe kisiki, au zana inaponasa kwenye mzizi huku magurudumu yakiendelea kusukuma. Ni jambo la muda mfupi mno; dereva aliyezoea gari hulitambua akiwa tayari amechelewa.

Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, aliitambua hatari hiyo wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na kutokana nayo akabuni namna ya kufunga plau kwenye trekta kwa nukta tatu, ambamo uzito na ukinzani wa jembe husaidia kuyakandamiza magurudumu ya mbele badala ya kuyainua. Mfumo huo ulienea duniani kwa matrekta yake, na leo ni wa kawaida. Basi ile mikono mitatu nyuma ya trekta, ambayo wengi huiona kuwa ni njia ya kunyanyulia jembe tu, ilibuniwa pia kwa kuogopa kifo. Anayeacha kuitumia, au anayefunga mzigo juu yake badala ya kwenye chuma cha chini kilichowekwa kwa ajili hiyo, amerudisha hatari ile ile. Tunapendekeza kupinduka kubaki kwa kuanguka kwa ubavu, na kubinuka kutumike kwa kuanguka kwa nyuma. Kitenzi kimo katika kamusi na maana yake ni hiyo hiyo: sehemu ya kitu kuinuka juu hata kikageuka. Kikishatengwa, mwalimu ataweza kusema: "Ukienda kasi mtelemkoni utapinduka, ukifunga juu utabinuka."

Katika suala hilo hilo kuna fremu ya chuma inayowekwa juu ya kiti ili trekta likianguka lisimponde dereva. Sweden ililazimisha matrekta yote mapya kuwa nayo tangu mwaka 1959, na nchi nyingine zikafuata baada ya kuona vifo vikipungua sana. Kwetu kuna tatizo la jina: trekta lenye fremu hiyo na trekta lenye bati la kuzuia jua yote husemwa kwamba "yana paa". Mnunuzi akiona paa huridhika. Lakini bati la kivuli halizuii uzito wa tani mbili. Tuite la kwanza fremu kinga, na la pili tuliache liitwe kivuli, ili muuzaji aulizwe swali moja la wazi: hiki ni kinga au ni kivuli?

Mfano wa tatu ni wa watu. Madigadi, kama jina lake la asili linavyoeleza, huwekwa kuzuia tope. Limekuwa kiti cha utingo. Juu ya tela hukaa vibarua. Kwenye chuma cha kufungia tela husimama kijana anayeomba kufikishwa njia panda. Kwa lori tumekuwa na neno abiria, na kwa kuwapo neno hilo sheria na askari wa barabarani wamepata cha kuuliza: ni wangapi, wamekaa wapi. Kwa trekta hatuna neno, kwa sababu trekta halikukusudiwa kubeba mtu wa pili. Katika hili la tatu hatupendekezi istilahi yoyote. Pale ambapo kitu hakitakiwi kuwapo, kukitafutia jina ni kukihalalisha. Kinachotakiwa ni sentensi fupi iliyopakwa rangi juu ya madigadi yenyewe: "Hapa si kiti."

Wako watakaotujibu kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo inastahili kuchunguzwa, maana katika Kiarabu lilikotoka, neno ajali lina maana ya muda uliokwisha kupangwa, hasa mwisho wa maisha ya mtu. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli. Lakini sisi tumelitumia neno lile lile kwa pindo la kanga lililonaswa na mhimili usio na ala, na kwa kufanya hivyo tumechanganya kudura na uzembe. Neno moja limebeba mambo mawili, na lile zito limelifunika lile jepesi. Ajali ya mashine ina kinga, na kinga hiyo huuzwa dukani.

Mambo haya yamezidi kuwa na uzito katika miaka ya karibuni. Sheria ya zamani ya viwanda, ya mwaka 1950, ilimtazama zaidi mfanyakazi aliye ndani ya kiwanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilipanua ulinzi hata kwa wafanyakazi wa mashambani. Tena, mwaka 2021, Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria za nchi iwe Kiswahili. Ni uamuzi wa kujivunia, lakini una deni ndani yake. Hakimu atakayeulizwa kama mwenye mashine aliweka kinga iliyotakiwa, atahitaji neno linalotaja kinga hiyo bila utata. "Kava la pitio" halitamfaa.

Hatusemi kwamba maneno yote yaliyozoeleka yaondolewe. Trekta, plau, haro, tela na madigadi yameishi nasi kwa miaka mingi, yana ngeli zake na wingi wake, na mkulima anayaelewa. Istilahi nyingi zilizotungwa ofisini zimelala makabatini kwa sababu zilijaribu kuling'oa neno lililokwisha kuota mizizi bila kuwa na faida mpya. Kanuni yetu ni nyembamba: tubadili pale tu ambapo neno lililopo linaificha hatari. Ndiyo maana tumetaja machache: mhimili zungushi, ala, kubinuka na fremu kinga, pamoja na amri moja, "Zima!".

Aidha, maneno haya yasipitishwe Dar es Salaam peke yake. Yapelekwe kwanza mahali kama Kashaulili, ambapo Mbende, Mkonongo, Mpimbwe na Msukuma hukutana sokoni, pamoja na watu wa Katumba na Mishamo ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi tangu mwaka 1972 na ambao wengi wao walipewa uraia mwaka 2014. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya kwanza, lakini ndicho lugha ya kazini. Neno likieleweka kwao, kwa dereva, kwa utingo, na kwa mama anayekusanya punje chini ya mashine, basi limefaulu. Lisipoeleweka, litungwe jingine, na lile la kwanza lisahauliwe bila majuto.

Wasomaji walio karibu na mashamba na karakana tunawaomba watuandikie maneno wanayoyatumia wenyewe kwa sehemu hizi za mashine. Huenda liko tayari, katika kijiji fulani, neno bora kuliko yote tuliyoyapendekeza, na limekuwa likiokoa mikono ya watu kwa miaka mingi bila sisi kulijua.